Kupiga Mswaki kwa Afya ya Meno na Fizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapo watu wengi waliopiga mswaki kila siku tangu utotoni, na bado huketi kwenye kiti cha daktari wa meno wakiwa na magego yaliyotoboka au fizi zinazovuja damu. Mara nyingi tatizo lao si uvivu. Mswaki wao hupita juu ya meno bila kufika mahali ukoga unapojificha, yaani kwenye ukingo ambapo jino hukutana na ufizi, na katika mianya iliyopo kati ya jino na jino. Majibu yafuatayo yanarudi kwenye ukingo huo mara nyingi, kwa sababu huko ndiko meno mengi hupotelea.

Tunapopiga mswaki, tunaondoa kitu gani hasa?

Mabaki ya chakula ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kinacholengwa ni ukoga, utando laini unaonata, wenye rangi nyeupe au manjano hafifu, ambao bakteria huujenga juu ya meno saa chache baada ya meno kusafishwa. Ukipitisha ukucha taratibu kwenye shina la gego asubuhi kabla ya kupiga mswaki, utauona umebaki kwenye ukucha. Bakteria waliomo hutumia sukari na wanga tunaokula na kutoa asidi, na asidi hiyo inaposhusha kiwango cha pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapoongezeka) chini ya takriban 5.5, madini ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Mate huirekebisha hali hiyo, lakini huhitaji kati ya nusu saa na saa nzima. Kwa hiyo mtu anayekunywa kinywaji chenye sukari kidogo kidogo kutwa nzima huyanyima mate muda wa kufanya kazi yake, hata kama jumla ya sukari aliyokunywa si kubwa.

Ukoga usipoondolewa hufyonza madini yaliyomo kwenye mate na kuganda kuwa ugaga. Ugaga hauondoki kwa mswaki wa aina yoyote, bali kwa vifaa vya daktari. Hujikusanya zaidi upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini na upande wa nje wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mifereji mikubwa ya mate inapofungukia.

Nipige mswaki mara ngapi kwa siku, na saa ngapi?

Mara 2 kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe usiku, kabla tu ya kulala, baada ya hapo usile wala kunywa chochote isipokuwa maji. Mtu anapolala, mate hupungua sana, hivyo asidi inayotengenezwa usiku hukaa kwenye meno muda mrefu bila kuoshwa wala kupoozwa. Ikitokea kwamba umechoka na unaweza kupiga mswaki mara moja tu siku hiyo, basi usiuache wa usiku. Wengi hufanya kinyume chake, kwa sababu asubuhi wanakwenda kukutana na watu na usiku hawamwoni mtu.

Asubuhi nipige kabla ya kifungua kinywa au baada yake?

Yote mawili yanakubalika. Kupiga kabla ya kula huondoa ukoga uliojengeka usiku na kuyaachia meno kinga ya floridi, madini yaliyomo kwenye dawa ya meno, kabla chakula hakijafika. Ukipendelea kupiga baada ya kula, subiri angalau dakika 30, hasa kama umekunywa maji ya matunda au umekula kitu chenye uchachu, kwa kuwa asidi hulainisha uso wa enameli kwa muda na mswaki huweza kuukwangua. Tahadhari hiyo inamhusu pia mtu aliyetapika: kwanza asukutue kwa maji, kisha asubiri kabla ya kushika mswaki.

Je, dakika 2 si nyingi mno?

Si nyingi ukizigawa. Kinywa kina pande 4: juu kulia, juu kushoto, chini kulia na chini kushoto, na kila upande hupata nusu dakika tu. Mtu mzima mwenye meno yote 32 ana meno 8 katika kila upande, na kila jino lina uso wa nje, uso wa ndani na, kwa magego, uso wa kutafunia. Tazama saa siku moja unapopiga mswaki kama kawaida yako, na pengine utagundua kwamba huwa unamaliza mapema kuliko ulivyodhani.

Ni ipi namna sahihi ya kupiga mswaki?

Namna ambayo madaktari wa meno huifundisha zaidi kwa watu wazima imetokana na mafundisho ya Charles Bass, daktari wa Marekani aliyeandika juu ya mswaki na usafi wa kinywa katika miaka ya 1940 na 1950. Msingi wake ni kuuinamisha mswaki kwa nyuzi 45 kuelekea ufizi, ili nusu ya nywele zake iguse jino na nusu nyingine iguse ukingo wa ufizi. Ukibonyeza kidogo, ncha za nywele huingia katika mfereji mwembamba uliopo kati ya jino na ufizi, mahali ambapo ukoga hukaa bila kuonekana. Ukiwa hapo, utikise mswaki kwa mwendo mfupi wa kwenda na kurudi, usiozidi upana wa jino moja au mawili, kwa muda wa kuhesabu hadi 10. Kisha uzungushe mswaki kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, na usogee kwenye meno yanayofuata.

Upande wa ndani wa meno ya mbele husumbua kwa sababu mswaki hautoshi ukilazwa. Usimamishe wima na utumie nywele za mbele, ukiuvuta kutoka ufizini kwenda juu kwa meno ya chini, na kutoka ufizini kwenda chini kwa meno ya juu. Upande wa nje wa gego la mwisho la juu pia una siri yake: ukipanua kinywa sana, shavu hukaza na mfupa wa taya husogea mbele, hivyo mswaki hukosa nafasi. Fumba kinywa nusu, shavu lilegee, na mswaki utateleza hadi nyuma kabisa.

Uwe na mpangilio usiobadilika. Anza mahali pamoja kila siku, kwa mfano nyuma ya gego la mwisho la juu kulia, zunguka kwa nje hadi kushoto, rudi kwa ndani, kisha fanya vivyo hivyo chini, na umalizie na nyuso za kutafunia. Asiye na mpangilio huruka sehemu zile zile kila siku bila kujua, na kwa wenye kutumia mkono wa kulia, sehemu inayorukwa mara nyingi ni kona ya chonge la kulia, pale mkono unapolazimika kugeuka.

Fizi zangu hutoa damu ninapopiga mswaki. Je, niache kugusa sehemu hiyo?

Hapana, na swali hili lastahili jibu refu, kwa sababu kuacha ndiko kunakowaletea watu madhara. Ufizi wenye afya una rangi ya usawa kulingana na rangi ya mtu, hushika jino kwa uthabiti, na hautoi damu unapoguswa kwa mswaki laini. Unapotoa damu, kwa kawaida ni kwa sababu ukoga umekaa kwenye ukingo wake, mwili umepeleka damu nyingi zaidi kupambana na bakteria, na ngozi nyembamba ya ufizi imevimba na kudhoofika. Mtu akiona damu na kuikwepa sehemu hiyo, ukoga huongezeka, uvimbe huongezeka, na kesho yake damu huwa nyingi zaidi.

Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Aarhus, Denmark, ambao hadi leo hurejelewa fizi zinapozungumzwa. Watu 12 wenye fizi zenye afya waliacha kabisa kusafisha meno yao, na wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Walipoanza kusafisha tena, fizi zao zilirudi katika hali ya kawaida baada ya takriban wiki moja. Nataka msomaji ayashike yote mawili: ugonjwa huu huja haraka, na katika hatua yake ya mwanzo huondoka haraka pia, bila dawa nyingine isipokuwa usafi.

Kwa hiyo tumia mswaki laini, uinamishe kwenye ukingo unaotoa damu, na usafishe kwa upole kila siku pamoja na mianya ya meno. Damu ikiendelea baada ya wiki 2, nenda kwa daktari, kwani huenda kuna ugaga chini ya ufizi ambao mswaki hauwezi kuufikia. Uvimbe ukiachwa kwa miezi na miaka, kwa baadhi ya watu hushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino, na mfupa uliolika haurudi wenyewe. Katika hatua hiyo meno huanza kulegea, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Wavutaji wa sigara wawe waangalifu zaidi. Uvutaji hupunguza damu inayofika kwenye fizi, na hivyo fizi zao huweza kuwa gonjwa bila kutoa damu ya kuwaonya.

Je, nikipiga kwa nguvu meno yatakuwa safi zaidi?

Hayatakuwa safi zaidi. Ukoga mpya ni laini na huondoka kwa mguso mwepesi. Kinachohitajika ni kuufikia. Nguvu huusukuma ufizi urudi nyuma, shina la jino hubaki wazi, na kwa kuwa shina halina enameli, msuguano hulichimba taratibu hadi ukaonekana mkato kando ya ufizi. Dalili ya mapema ni mswaki wenyewe: nywele zikipanuka na kulala pembeni ndani ya wiki chache, mkono wako ni mzito. Jaribu kuushika mswaki kwa ncha za vidole, namna unavyoshika kalamu, badala ya kuukumbatia kwa kiganja kizima.

Nichague mswaki wa aina gani, na niubadilishe lini?

Chagua mswaki laini wenye kichwa kidogo kinachoweza kuzunguka nyuma ya gego la mwisho. Nywele za nailoni, ambazo zilianza kutumika kwenye miswaki mwaka 1938 badala ya manyoya ya wanyama, hukauka upesi na ncha zake hutengenezwa zikiwa za mviringo ili zisichane ufizi. Mswaki mgumu hauna faida yoyote ninayoweza kuitetea. Ubadilishe kila baada ya miezi 3 au 4, au mapema zaidi nywele zikianza kupanuka. Baada ya kuutumia, usuuze, usimamishe wima na uuache ukauke kwa hewa, kwani kuufungia ndani ya kifuniko ukiwa na maji huwapa vijidudu mahali pa kuzaliana. Mswaki hauazimwi, hata kati ya mume na mke au mzazi na mtoto.

Mswaki wa umeme ni bora kuliko wa kawaida?

Kwa wastani huondoa ukoga kwa kiasi kikubwa zaidi kidogo, na huwafaa sana wazee, wenye mikono inayotetemeka na wale wanaowasafisha wengine meno. Hata hivyo, mswaki wa kawaida ulio katika mkono wenye subira hutosha kabisa. Ukitumia wa umeme, usiusugue. Uweke kwenye ukingo wa ufizi, uache ufanye kazi, kisha uhamishie kwenye jino linalofuata.

Dawa ya meno ina umuhimu gani, na niweke kiasi gani?

Mswaki huondoa ukoga, na floridi iliyomo kwenye dawa ya meno huliimarisha jino dhidi ya asidi na kusaidia madini kurudi pale yalipoanza kupungua. Kwa mtu mzima tafuta dawa yenye floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila sehemu milioni moja, kiasi ambacho huandikwa kwenye boksi kwa herufi ppm. Picha za matangazo huonyesha dawa iliyofunika mswaki wote kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Povu jingi humfanya mtu ateme mapema na kudhani amemaliza.

Je, nisuuze kinywa kwa maji baada ya kupiga mswaki?

Tema povu, usisuuze. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kumalizia na maji. Maji mengi huiosha floridi kabla haijafanya kazi yake. Kama ladha inakukera, tumia funda dogo sana la maji na uteme mara moja.

Dawa za mkaa na za kung'arisha meno zinafaa?

Nyingi kati ya hizo husugua madoa ya juu tu, na zile zenye chembe kali hukwangua enameli, ambayo haioti tena ikishalika. Enameli inapokonda, dentini yenye rangi ya manjano iliyo chini yake huonekana zaidi, na mtu huishia kupata kinyume cha alichokitafuta. Dawa nyingi za mkaa pia hazina floridi. Anayetaka meno meupe zaidi aanze kwa daktari, ambaye ataondoa ugaga na madoa kwanza. Mara nyingine hilo pekee hutosha.

Mswaki unatosha kusafisha katikati ya meno?

Hautoshi, kwa kuwa nywele zake haziingii pale meno yanapogusana, na ndipo matundu mengi ya watu wazima yanapoanzia. Safisha mianya mara moja kwa siku. Kwa meno yaliyobanana tumia uzi wa kusafishia meno: kata kipande cha takriban sentimita 45, kizungushe kwenye vidole vya kati, kipitishe kwa kukisogeza taratibu mbele na nyuma bila kukishindilia, kisha ukikumbatishe kwenye ubavu wa jino moja na ukipandishe na kukishusha, halafu ubavu wa jino la jirani. Penye mianya mipana, kimswaki kidogo cha kusafishia mianya hufanya kazi vizuri kuliko uzi. Kijiti cha kuchokolea meno huondoa nyama iliyokwama, lakini hakisafishi ubavu wa jino, na kikitumiwa kwa nguvu huumiza ufizi. Kuanza na uzi au kuanza na mswaki ni hiari yako.

Dawa ya kusukutua inaweza kuchukua nafasi ya mswaki?

Haiwezi. Ukoga umejishikiza kwenye jino na huhitaji kusuguliwa. Dawa zenye klorheksidini, kemikali ya kuua bakteria, hutumiwa kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari, kwani zikitumiwa muda mrefu huyatia meno madoa ya kahawia.

Napiga mswaki vizuri lakini kinywa bado kinanuka. Nifanyeje?

Angalia ulimi, hasa sehemu ya nyuma, ambako bakteria hukaa katikati ya vinundu vyake. Ukwangue taratibu kutoka nyuma kwenda mbele kwa kifaa cha kukwangulia ulimi au kwa mswaki. Harufu ikiendelea, sababu nyingine za kawaida ni ugonjwa wa fizi, jino lililooza, na kinywa kikavu kinachosababishwa na baadhi ya dawa za hospitali au kulala kinywa wazi.

Mtoto aanze lini, na nani ampigie mswaki?

Aanze jino la kwanza linapotokeza, ambalo kwa kawaida ni karibu na umri wa miezi 6. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 paka dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele tu. Kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Sababu ya kupunguza ni kwamba mtoto humeza dawa, na floridi nyingi inayomezwa katika umri ambao meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya huweza kuyatia madoa. Pale ambapo maji ya kunywa yana floridi nyingi kiasili, mzazi amuulize daktari kwanza.

Mtoto hana ustadi wa mkono wa kusafisha meno yake mwenyewe hadi afikie miaka 7 au 8. Mwache ajaribu, kisha mzazi amalizie. Njia rahisi ni kusimama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako, huku ukiinua mdomo wa juu kwa kidole ili uuone ufizi. Madoa meupe yasiyong'aa kando ya ufizi wa meno ya mbele ya juu ni dalili ya kwanza kabisa ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa bila kuzibwa. Chupa ya maziwa au ya kinywaji kitamu isikae kinywani mwa mtoto anapolala.

Kuna gego moja ambalo wazazi wengi hulikosa. Karibu na umri wa miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hudhani ni jino la utotoni ambalo litabadilishwa, kumbe mtoto atalitegemea maisha yake yote. Linapoota huwa chini ya usawa wa meno mengine, na mswaki unaopita kwa mbele na nyuma hulipitia juu bila kuligusa. Uelekeze mswaki kwa upande, kutoka shavuni, hadi litakapofikia usawa wa mengine. Wala usiseme kwamba meno 20 ya utotoni si muhimu kwa sababu yatang'oka: huyashikia nafasi meno ya kudumu, na yakioza huuma sawa na meno mengine.

Mimi ni mjamzito, au nina kisukari. Je, kuna tofauti?

Mabadiliko ya homoni wakati wa ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoa damu kwa urahisi hata ukoga ukiwa kidogo. Endelea kusafisha kwa upole, na usiogope kwenda kwa daktari wa meno, ukimweleza hali yako. Kisukari na ugonjwa wa fizi hukuzana: sukari isiyodhibitiwa huzidisha maambukizi ya fizi, na maambukizi hayo hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mwenye kisukari ambaye fizi zake zinavuja damu amweleze daktari wake wa sukari pia.

Meno yangu hupata ganzi kwa vitu baridi. Nitumie dawa gani?

Zipo dawa za meno za wenye ganzi, na huhitaji wiki kadhaa za matumizi ya kila siku ili zifanye kazi. Chunguza pia nguvu ya mkono wako, kwani ganzi nyingi hutoka kwenye mashina yaliyoachwa wazi. Ganzi iliyo kwenye jino moja tu, au inayobaki muda mrefu baada ya kitu baridi kuondoka, huashiria jino lililotoboka au kupasuka.

Na wenye meno ya bandia?

Wayavue usiku, wayasugue kwa mswaki na sabuni laini badala ya dawa ya meno yenye chembe, na wasafishe pia fizi, ulimi na meno ya asili yaliyobaki.

Nimwone daktari lini ikiwa siumwi?

Wengi hushauriwa kwenda mara moja au mbili kwa mwaka, lakini daktari anaweza kukupangia muda mfupi au mrefu zaidi kulingana na hali ya kinywa chako. Usisubiri miadi ukiona usaha ukitoka kando ya jino, jino linalotikisika, meno yaliyoanza kuachana, ufizi unaorudi nyuma, au kidonda au doa jeupe au jekundu kinywani lisilopona ndani ya wiki 2 hadi 3. Uvimbe wa shavu au taya unaoambatana na homa, au unaofanya iwe vigumu kumeza au kupumua, ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, hata usiku. Na unapokwenda kwa daktari kwa ukaguzi wa kawaida, nenda na mswaki wako na umwombe akutazame ukipiga mbele yake, kisha akuonyeshe sehemu unazoziruka.